Roho ya Besi

Camagüey, 6 Februari 1938

Mjomba Casimiro,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, umeketi mlangoni na kahawa yako kama zamani. Sisi huku hatujambo. Mama kifua kilimbana mwezi wa kwanza, lakini sasa anapiga pasi kutwa nzima na kugombana na kila apitaye dirishani. Mvua hatujaiona tangu Krismasi, na mitungi ya uani tunachota kwa kikombe. Ramona amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina la bibi.

Najua ni miaka saba sijakuandikia, tangu tulipomzika Baba. Hilo naliacha lilipo. Nimeomba anwani yako kwa Mama, akanitajia mtaa na namba ya nyumba bila kuinua macho kwenye pasi. Sikujua kwamba anaijua kwa moyo.

Shida yangu ni besi. Sina hakika kama ulisikia kwamba tuna orkestra ya wanawake hapa, tuko tisa, nami miaka yote hii nilikuwa wa kibuyu cha kukwaruza. Clotilde aliyekuwa akipiga besi ameolewa Ciego de Ávila na ameondoka na besi yake. Bi Eduvigis, kiongozi wetu, akauliza kwenye mazoezi nani anaweza kusimama na besi, nikausikia mdomo wangu ukisema mimi. Wenzangu walicheka. Bi Eduvigis hakucheka, aliuliza nani alinifunza. Nikamwambia mjomba wangu, nikiwa na miaka kumi, nimepanda juu ya sanduku la sabuni.

Amenipa muda hadi sikukuu ya San Juan, mwezi wa sita. Nisipokuwa na besi inayosikika, atamwita mwanamume mmoja wa bendi nyingine. Akishaingia yeye, klabu inayotuajiri itauliza kwa nini isichukue bendi nzima ya wanaume. Wenzangu watatu hawana riziki nyingine.

Kuna besi mbili. Moja iko dukani, mpya, inang'aa hata ukijiangalia unaweza kuchana nywele. Ya pili ilikuwa ya kwaya ya kanisa, sasa iko kwa Bi Hortensia, mjane wa mtunza kanisa, imesimama jikoni kwake nyuma ya mlango. Ni nyeusi kwa moshi na ina ufa kifuani uliozibwa na fundi gani sijui. Kila mtu ananiambia nichukue ya dukani.

Niambie nifanye nini.

Mpwa wako,
Nieves

Manzanillo, 19 Februari 1938

Nieves, mama,

Marahaba, na marahaba tena kwa ile miaka saba. Usishangae mwandiko huu mzuri, si wangu. Miwani yangu imevunjika, na jirani yangu Mwalimu Blasina ananiandikia ninayosema. Ni mjane, anafundisha darasa la tatu, na ananisahihisha kama mmoja wa wanafunzi wake. Mimi mzima kabisa. Samaki wapo, joto lipo, na nyumba ya pili wamenunua kinanda cha kuzungusha kwa mkono ambacho kinajua nyimbo nne. Mpe pole Ramona kwa jina la bibi, maana bibi alikuwa mkali.

Sasa sikiliza. Kwanza, watu wote wanaokuambia uchukue ya dukani, waulize wangapi wamewahi kubeba besi. Pili, besi haichaguliwi kwa macho. Ile ya dukani nadhani ni plaiwudi. Si dhambi, plaiwudi haipasuki na mvua haiitishi, na nimekula mkate wangu miaka minne kwa besi ya plaiwudi. Lakini uipige ikiwa karibu na ukuta wa duka, kisha uipige katikati ya ukumbi, uone kama ni besi ileile.

Fanya hivi kwa zote mbili. Anza na uzi mnene, piga kila sauti moja moja kutoka chini hadi juu, polepole, bila kuruka. Utakuta sauti moja imekufa au inanguruma kama mbwa. Kila besi ina moja. Ikiwa na tatu au nne, iache. Halafu gonga kwa kifundo cha kidole pembeni pote, mbele na nyuma. Pakilia kama mlango mbovu, gundi imeachia hapo, na gundi si ugonjwa wa kuua. Huo ufa, weka vidole viwili kila upande na ubonyeze kidogo. Ufa ukicheza, ondoka. Usipocheza, ni kovu tu. Chungulia ndani kwa mshumaa, lakini usiunguze nyumba ya watu, uangalie matundu ya bungua. Tundu la zamani ni jeusi. Tundu lenye unga mpya chini yake lina mwenyeji.

Tazama shingo kwa jicho moja kama unavyotazama mshono. Tazama daraja linalobeba nyuzi, miguu yake ilale yote kifuani, upepo usipite. Mwisho, na hili ndilo kubwa, mpe mtu mwingine apige, wewe vuka barabara usikilize ukiwa huko. Anayepiga besi ndiye mtu wa mwisho kuijua, kwa sababu yeye anaisikia kwa tumbo.

Mwalimu anasema nimemaliza karatasi. Msalimie mama yako kama atakubali kusalimiwa.

Mjomba wako,
Casimiro

Camagüey, 14 Machi 1938

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa miwani. Huku mvua bado. Mama hajambo. Nilipomfikishia salamu zako alisema, "Yule wa Manzanillo bado yuko hai?" kisha akaniuliza kama umesema lolote kuhusu afya yako. Nikamwambia umesema u mzima. Akasema ndivyo unavyosema siku zote.

Nilifanya kila ulichosema. Dukani mwenye duka alinitazama nikigonga gonga besi yake, akauliza kama natafuta panya. Nikapiga sauti zote. Zilitoka zote sawasawa, safi, hakuna hata moja iliyokufa, na nilifurahi mpaka nilipompa Petronila wetu wa filimbi anigusie nyuzi, nikavuka barabara. Ng'ambo sikusikia kitu, Mjomba. Nilimwona tu Petronila akitikisa kidole. Mkokoteni wa barafu ulipita ukaifunika kabisa.

Kwa Bi Hortensia tuliitoa besi jikoni hadi kizingitini. Ina nyuzi tatu tu zilizobaki, na hizo zimekauka kama kamba za kuanikia. Sauti mbili zinanguruma. Upande wa chini mgongoni inalia kama mlango mbovu, kama kiganja kimoja hivi. Ufa haukucheza. Matundu ni meusi. Nikavuka barabara. Petronila alipogusa uzi wa kati, mwanamke aliyekuwa akipita na kapu la ndizi alisimama akageuka kuangalia nyuma yake, kama mtu aliyeitwa.

Nimeichukua. Bi Hortensia na mimi tumeelewana nimlipe kwa kumshonea binti yake gauni la harusi, na nimeshalikata. Besi iko chumbani kwangu, nalala nayo kama nimeolewa. Lakini nyuzi ziko juu mno. Nikibonyeza uzi mnene chini ya shingo napata, nikipanda katikati vidole vinawaka, na baada ya vipande viwili siwezi kushika sindano.

Mjomba, ningependa mikono yako iiguse. Treni ni ya siku moja. Nyumba ina nafasi. Mama atanuna, lakini chakula atakupa.

Nieves

Manzanillo, 29 Machi 1938

Nieves, mama,

Mwanamke wa kapu la ndizi ametosha. Umechagua vizuri, na nimeisoma barua yako, yaani nimemwomba Mwalimu anisomee, mara mbili. Sisi wazima. Mwalimu alifiwa na kuku wawili wiki hii, bado tunaomboleza, jana tulimwomboleza mmoja kwa wali.

Wiki iliyopita nilikupelekea kwa treni kifurushi cha nyuzi nne za utumbo wa kondoo. Nadhani zitafika kabla ya barua hii, kwa hiyo nasema sasa, na ninaomba uwe hujazigusa. Uzi mmoja kwa wakati. Toa mmoja, weka mmoja, kaza, ndipo uende kwa mwingine. Usizitoe zote kwa pamoja hata kama zinakuudhi. Ndani ya besi, karibu na mguu wa daraja upande wa uzi mwembamba, kuna kijiti kimesimama kati ya kifua na mgongo. Hakina gundi wala msumari. Kimeshikwa na mgandamizo wa nyuzi tu. Sisi wapigaji tunakiita roho, na si kwa mapambo. Nyuzi zikilegea zote, roho huanguka, na besi bila roho ni kabati.

Kuhusu urefu wa nyuzi, daraja lako ni refu mno. Kwaya hupiga kwa upinde, polepole, hawakujali. Wewe utapiga dansi saa nne kwa vidole. Chukua tupa, si kisu, upunguze kichwa cha daraja kidogo kidogo, uzi kwa uzi. Mwishoni mwa ubao wa vidole, uzi mwembamba uwe juu ya ubao kwa unene wa kidole chako kidogo, uzi mnene kwa unene wa kidole gumba. Ukikata mno hakuna wa kurudisha. Daraja lisimame wima kama askari. Kila unapokaza nyuzi litataka kuinamia shingo, lirudishe kwa mikono miwili.

Palipoachia gundi, mwite seremala wa makabati mwenye gundi ya ngozi, ya kuyeyusha kwa maji moto. Akija na gundi ya kopo, mpe kahawa umrudishe kwake.

Casimiro

Camagüey, 9 Aprili 1938

Mjomba,

Shikamoo. Huku sote wazima, mvua ya kwanza imenyesha juzi na Mama alitoka uani akasimama chini yake na aproni yake. Seremala amekuja na gundi ya ngozi, mgongo haulii tena. Gauni la binti wa Hortensia limebaki pindo. Asante kwa nyuzi, ni nzuri mno, zilifika siku ya Jumanne. Barua yako ilifika Alhamisi.

Nina swali dogo. Kuna jirani yangu mmoja naye ana besi. Kwa bahati mbaya alitoa nyuzi zote kwa wakati mmoja siku ya Jumatano. Akasikia kitu kikigonga ndani na kubingirika. Sasa kijiti kimelala chini, ukiinamisha besi kinakwenda upande huu na upande huu. Jirani huyo anauliza, je, kuna njia yoyote?

Mpwa wako mtiifu,
Nieves

Manzanillo, 20 Aprili 1938

Mama,

Tumecheka mpaka Mwalimu akamwaga wino. Mwambie jirani yako huyo anayeitwa Nieves kwamba mjomba wake naye aliiangusha roho ya besi ya mwalimu wake, mwaka elfu moja mia nane tisini na sita, na akakimbilia kwa shangazi siku mbili. Kosa ni la treni iliyokimbiza nyuzi kuliko barua.

Njia ipo. Chukua waya mnene wa chuma, ukunje ncha mbili zitazame pande tofauti, kama nyoka mwenye vichwa viwili. Ncha moja uinoe ikae kali. Kitoe kijiti kwa tundu la kifuani kwa kukitikisa na kukinasa na uzi. Kichome kwa ncha kali ubavuni, si sana, kikae tu. Kiingize kimelala, kisha ukisimamishe ndani. Ncha zake mbili, ya juu na ya chini, utaona zimekatwa kwa mshazari. Mshazari huo unafuata mwinuko wa kifua na mgongo, kiingie kama kilivyokatwa. Kisimame nyuma ya mguu wa daraja, upana wa kidole kimoja, kisikazwe kwa nguvu. Taa na kioo kidogo kitakusaidia. Utashindwa mara nyingi. Kila mtu hushindwa.

Kuhusu kuja kwangu, si mwezi huu. Paa linavuja na mafundi wameniahidi, na mvua zikianza reli huku si ya kuaminiwa. Tena mzee wa miaka sitini na minne kwenye treni anageuka mzigo. Utaweza mwenyewe.

Casimiro

Camagüey, 8 Mei 1938

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima.

Nimejaribu siku tisa. Nimehesabu mara arobaini na moja ndipo nikaacha kuhesabu. Mara mbili kilisimama, nikakaza nyuzi, kikaanguka tena. Mikono yangu imechanwa na waya hadi mteja aliona tone la damu kwenye kola yake. Bi Eduvigis amekuja nyumbani, akaitazama besi imelala kitandani na matumbo nje, akaniuliza bado siku ngapi. Alijua siku ngapi. Alitaka niseme mimi.

Nimekuuliza mara moja kwa adabu, na hukujibu. Katika barua ya pili umenijibu paa. Miwani ya mtu haitengenezwi miezi mitatu? Mimi nadhani hutaki kuja kwa sababu ya Mama. Na kama ni hivyo, ni sawa na siku ile. Tulikuwekea kiti kanisani, Mjomba. Mama alikataa mtu yeyote akikalie. Tulimzika Baba na kiti kitupu, na hukuandika hata mstari mmoja kusema kwa nini.

Sikutaka kuliandika hili. Sasa nimeliandika.

Nieves

Manzanillo, 17 Mei 1938

Nieves,

Nimeisikia barua yako. Nimemwomba Mwalimu asiisome mara ya pili.

Simu ya maandishi iliyoleta habari ya baba yako ilinifikia jukwaani. Tulikuwa klabuni, ukumbi umejaa, tumefika katikati ya usiku wa dansi. Niliisoma, nikaiweka mfukoni, nikaendelea kupiga. Sikumwambia mtu. Nilipiga vipande vilivyobaki vyote, kwa sababu nilijua nikinyamazisha mkono nitaanguka mbele za watu. Nilipomaliza treni ilikuwa imeondoka. Nyingine ilikuwa kesho yake, na kesho yake mlikuwa mmeshazika. Nikasema nitaandika wiki ijayo. Nikaona haya. Haya ya wiki ikawa ya mwezi, na ya mwezi huwezi kuileta kwa mtu baada ya mwaka. Fermín alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji. Ni mimi niliyemleta nyumbani kwetu. Hiyo ndiyo sababu, na si nzuri.

Kuja siwezi. Usiniulize tena.

Casimiro

Mimi Blasina Rosabal naongeza mistari hii bila idhini yake. Ameshalala, nami ndiye mwenye kalamu. Miwani yake ni mizima, iko juu ya meza. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja alipatwa na kiharusi. Mguu umerudi, anatembea na fimbo. Mkono wa kulia haukurudi. Hashiki kalamu, hashiki kijiko, na hashiki uzi. Besi yake imesimama pembeni ya kitanda imefunikwa, na kila Jumamosi ananitaka niifute vumbi, ila nyuzi nisiziguse. Barua zako zikifika ananiomba nimsomee zile sehemu za sauti, tena na tena. Haogopi mama yako. Anaogopa wewe umwone. Nimeona ni vibaya uendelee kumkasirikia mtu ambaye humjui alivyo sasa.

Camagüey, 25 Mei 1938

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nisamehe. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, na mistari ya Mwalimu nikaisoma nimeketi chini.

Nilimsomea Mama yote. Alikuwa anapiga pasi shuka. Nilipofika kwenye jukwaa aliendelea na pasi. Nilipofika kwenye mkono aliweka pasi juu ya jiko, akalikunja lile shuka vizuri, pembe kwa pembe, akaingia ndani. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anatoa sanduku la safari chini ya kitanda.

Anapanda treni kesho asubuhi. Hajawahi kupita Bayamo maisha yake yote. Amenikataza kukuandikia, anasema utapata nafasi ya kukimbia. Mimi naona ni haki ujue, ila nahofia barua na Mama watasafiri pamoja.

Usijali kuhusu mkono. Naomba masikio yako tu.

Nieves

Manzanillo, 10 Julai 1938

Nieves, mama,

Mwandiko huu ni wangu. Ni mkono wa kushoto, kwa hiyo vumilia, hii ni siku ya tatu naiandika.

Barua yako ya mwezi wa tano nimeikuta chini ya mlango niliporudi. Ilifika siku mbili baada ya mama yako kuniondoa. Nimeisoma kama habari za mtu mwingine.

Mengi uliyaona mwenyewe huko kwenu. Nataka nikuandikie yale ambayo hukuyaona.

Hukumwona Altagracia alipofika mlangoni kwangu. Miaka saba, na hakunisalimu. Aliutazama mkono, akautazama uso, akasema, "Vaa viatu." Blasina ndiye aliyefunga kamba. Ndani ya treni mama yako alimenya machungwa, akanipa kipande kimoja kimoja upande wa kushoto, hakusema neno hadi Bayamo. Baada ya Bayamo alisema chungwa la mwisho lilikuwa chachu.

Siku ile uliposimamisha roho, wewe ulikuwa umelala ubavu na taa na kioo, mimi nimeweka sikio mgongoni mwa besi nikikuambia sogeza, rudisha, sogeza kidogo kuliko kidogo. Ilipokaa, niliijua kabla hujakaza hata uzi mmoja. Ulipogonga daraja kwa kidole, mbao yote ilijibu. Sikukuambia mara moja. Nilibaki pale na sikio langu muda, nawe ulidhani bado natafuta. Nilikuwa nimeshapata.

Halafu ukasema jambo ambalo sikutarajia kulisikia kwa mtu. Ulisema, "Mjomba, wewe shika shingo, mimi nitadonoa." Nikasimama nimeegemea bega lako badala ya fimbo, mkono wangu wa kushoto ukapanda kwenye nyuzi ukakuta kila kitu kilipokuwa. Wewe ulitazama vidole vyangu ili usinipoteze. Kwa hiyo hukumwona mama yako mlangoni na pasi mkononi. Alisimama mpaka tulipomaliza. Lile shati la mteja lililoungua alikuambia makaa yalizidi. Haikuwa makaa.

Na usiku wa San Juan, ulikuwa jukwaani. Ulipiga vizuri. Kipande cha tatu ulikimbia kidogo, Bi Eduvigis akakutupia jicho, ukarudi. Kuanzia hapo sikukusikiliza tena kama mwalimu. Watu walicheza mpaka vumbi likapanda, na kutoka tulipoketi, ng'ambo ya uwanja, nyuma ya sufuria za supu, besi ilitufikia pale. Niliuona mguu wa mama yako unaisikia.

Ndipo aliponiuliza, macho yakiwa kwako, "Siku ile, ulimaliza kupiga kweli?"

Nikamwambia nilimaliza.

"Mlikuwa mnapiga nini simu ilipofika?"

Nikamtajia. Ni danzoni ya zamani, dansi ya polepole ya wawili wawili, sasa hakuna anayeiomba. Kisha akasema, "Fermín alinichumbia kwayo." Akanifunga kitufe cha kola ambacho hakikuwa kimefunguka. Hayo ndiyo tuliyozungumza. Usimuulize, atakana.

Jambo moja ni langu kukuambia. Tangu barua yako ya Februari nilijua ulichokuwa hukiombi. Mwanamke anatafuta besi, na mjomba wake anayo nzuri imesimama nyumbani. Hukuomba kwa heshima, nami sikutoa kwa woga. Nilidhani nikiitoa nimekubali kwamba mkono umekufa. Nikakuacha uhangaike na besi ya jikoni. Sasa yako inaimba kuliko yangu, na hilo ni deni ambalo halilipiki. Nimeona nikuandikie tu.

Jumapili iliyopita, baada ya kurudi nyumbani, niliivua yangu kifuniko. Nyuzi zilikuwa zimelegea, Blasina akazikaza huku nikimwimbia sauti. Halafu nikashika shingo kwa kushoto, nikamwambia asimame upande wa pili adonoe pale nitakapotingisha kichwa. Hajui lolote. Anadonoa kama mtu anayebisha hodi kwa mkopeshaji. Tulifanya kuanzia baada ya misa mpaka mchele ukaungua. Alikasirika, nikakasirika, akaenda kwake.

Jana amerudi bila kuitwa, amekata kucha za mkono wa kulia.

Mjomba wako,
Casimiro